Mdogo wangu kanunua kadi ya mpira kwa 1,400,000. Hivi hawa watu wanapata nini?

#1 Mnubi wa Bombo
Salaam wakuu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Nilikwenda kwa mdogo wangu Ntinda, nikawa natafuta chaja kwenye droo yake. Nikashika kitu kizito kama kioo, kumbe plastiki ngumu, na ndani yake kadi kubwa kidogo kuliko kitambulisho cha taifa. Bukayo Saka wa Arsenal, jezi nyekundu, chini sahihi ya wino wa bluu, pembeni pameandikwa 23/99. Nikauliza bei, akajikuna shingo. Nilipombana akasema milioni moja na laki nne. Shilingi za Uganda! Na huyu ni fundi simu, chumba analipia 350,000, na mwenye nyumba anamdai miezi miwili.

Angenunua jezi ningeelewa, ataivaa. Angenunua redio, ingeimba. Hii haivaliwi, hailiwi, haiimbi, na hata kuishika kanikataza, eti vidole vyangu vina mafuta ya chapati. Nimesoma kwamba kadi ghali kuliko zote duniani ni ya Mickey Mantle, mcheza besiboli wa Marekani, ya mwaka 1952. Iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Kwa dola ya 3,600 hiyo inapita bilioni 45 zetu. Karatasi!

Wenye ufahamu nisaidieni: huu ni ugonjwa, ni biashara, au ni utoto usioisha?

#2 Chalii wa Kisenyi
Niliposoma "kadi" nikadhani umemfumania anacheza matatu kwa pesa.

#3 Mpita Njia
Niko Nairobi. Matatu ni gari mkuu, gari linachezwaje?

#4 Chalii wa Kisenyi
Huku gari ni taksi, matatu ni karata. Karibu Uganda, na pole kwa utakayoyakuta.

#5 Tuzo Kumi
Mleta uzi, marekebisho kidogo. Mantle hashiki tena rekodi. Agosti 2025 iliuzwa kadi moja yenye Michael Jordan na Kobe Bryant wa mpira wa kikapu pamoja, na sahihi zao, kwa dola milioni 12.9 na ushee. Kati ya kadi za michezo, ile ya Mantle ikawa ya pili.

Kuhusu mdogo wako: hiyo 23/99 maana yake kadi za aina hiyo zimechapwa 99 tu dunia nzima, na yake ni ya ishirini na tatu. Na ile plastiki nzito si pambo. Kuna kampuni zinazopokea kadi, zinaikagua na kuipa alama, kisha zinaifungia humo. Inayojulikana zaidi ni PSA, ilianza 1991, na alama zake ni 1 hadi 10. Wanaangalia pembe nne, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Kati ya 9 na 10 wewe hapo na macho yako huoni tofauti, lakini bei inaweza kuruka mara kadhaa.

Kwa hiyo ni sawa na kiwanja Wakiso. Unanunua kichache kinachotafutwa na wengi, unakaa kimya, unasubiri.

#6 Bunduki 14
Saka anavaa 7. Angetafuta 7/99. Wakusanyaji wanaongeza pesa kwa ile yenye namba ya jezi. 23 si kitu, labda kama alimchanganya na Jordan aliyevaa 23.

Inauzwa?

#7 Dada Zaitun
Tuzo Kumi, kaka yangu, usimlinganishe huyo kijana na mwenye kiwanja. Mimi ni mhasibu wa SACCO na wimbo huu naujua. Kiwanja unaweza kupanda mahindi wakati unasubiri. Na mnunuzi wa kiwanja utampata Wakiso hiyohiyo. Mnunuzi wa Saka 23/99 yuko wapi? Birmingham? Utamtumiaje, atalipaje, nani atabeba gharama ya posta, na ikipotea?

Halafu mnatutajia tu zilizouzwa milioni 12. Ni kama kijana anayetoka kwenye duka la kubeti akipunga tiketi iliyoshinda. Zile 200 zilizochanika zinabaki sakafuni, zinafagiliwa jioni.

#8 Mzee wa Malaba
Zaitun mwanangu umegusa kidonda.

Mjomba wangu alikuwa kyeyo, yaani kibarua wa ughaibuni, huko Massachusetts. Mwaka 2009 alirudi na kontena ya vitu vyake: friji, matairi, vitabu, na makatoni matatu aliyoyafunga kwa utepe kama maiti. Tukaambiwa hayo ndiyo pensheni. Kadi za besiboli za 1988 hadi 1991, pakiti nyingi hazijafunguliwa. Alizinunua moja moja kila Ijumaa akitoka kazini, kwa sababu wenzake walimwambia zile za zamani zimegeuka dhahabu, basi na hizi zitageuka.

Kosa lao lilikuwa lilelile wote. Kila mtu alizinunua na kila mtu akazitunza. Viwanda navyo vikachapa bila breki. Za zamani zilipanda bei kwa sababu watoto walizichezea zikachakaa, na mama zao wakatupa zilizobaki. Hizi za mjomba hakuna aliyezitupa. Ziko mamilioni, safi, kwenye makatoni kama ya kwake.

Mwaka jana binti yake aliulizia bei mtandaoni. Posta ingekuwa ghali kuliko mzigo. Na kwetu huku hakuna hata mtu mmoja anayejua besiboli, kwa hiyo hata kumpa mtoto achezee haiwezekani. Makatoni yapo, na juu yake tumeweka televisheni.

#9 Kipa wa Lugazi
Mzee shikamoo. Hapo pa besiboli sikubali. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi ilikwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, na ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza kule. Mwaka uliotangulia Uganda ilifuzu pia, visa zikakwamisha. Na 2022 Dodgers, klabu ya besiboli ya Los Angeles, walisaini vijana wetu wawili. Kwetu ukirusha jiwe kwa mkono wa juu wazee wanauliza kama unafanya mazoezi.

Leteni yale makatoni Lugazi.

#10 Mzee wa Malaba
Marahaba. Njoo na pikapu, lakini televisheni inabaki.

#11 Tuzo Kumi
Mzee kasema kweli kuhusu akina mama, ila tusiwabebeshe wao peke yao. Kampuni ya Topps yenyewe, iliyochapa ile ya Mantle, ilibaki na kadi za 1952 ambazo hazikuuzika, miongoni mwake za kundi lile la Mantle. Zilijaza ghala miaka mpaka 1960, bwana aliyehusika kuzibuni akazipakia kwenye jahazi na kwenda kuzimwaga Atlantiki. Kadi za bilioni 45 zililiwa na samaki.

#12 Chalii wa Kisenyi
Sangara wa Atlantiki wametajirika.

#13 Mwalimu Chaki
Habari zenu. Nafundisha hesabu Arua. Mnabishana kuhusu kadi moja ya bei kubwa, lakini wengi hawanasi hapo. Wananasa kwenye pakiti ndogo. Ngoja niwaonyeshe.

Albamu ya Panini ya Kombe la Dunia Qatar 2022 ilikuwa na stika 670, pakiti moja stika 5. Tuseme kila stika ina nafasi sawa ya kutokea, na wewe hubadilishani na mtu. Nusu ya albamu utaijaza kwa stika 465 hivi, pakiti 93. Hapo unajiona bingwa. Sasa malizia. Wastani wa kuijaza yote ni stika kama 4,750, yaani pakiti 950! Ile moja ya mwisho peke yake, wastani wake ni stika 670, pakiti 134, kumtafuta kipa wa akiba usiyemjua hata jina.

Mwanzo kila pakiti inakupa. Kufikia katikati umeshakuwa mtu wa kujaza. Mwishoni kila pakiti inakunyima, na wewe huwezi kuacha kwa sababu umebakiza sita. Mtu anayelipa anaangalia nafasi sita tupu zinazomtazama. Zile 664 zilizojaa keshazisahau.

#14 Mpita Njia
Mwalimu umenikumbusha. Hawa Waingereza wa Panini walitukamua sana shuleni.

#15 Mwalimu Chaki
Panini ni Waitaliano, wa Modena. Ni ndugu wa familia ya Panini, walianza 1961. Albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ni ya Mexico 1970. Waingereza walikukamua kwa mengine.

#16 Nalongo Entebbe
Nimesoma hesabu ya Mwalimu mara mbili na kuna kitu nataka kusema, mtanisamehe urefu.

Marehemu mume wangu alikuwa na albamu ya Italia 1990. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, anaosha mabasi ya kwenda Nairobi, na stika aliletewa na madereva. Imekaa kwenye bati la biskuti chini ya kitanda chetu ndoa yote. Alipofariki wanangu pacha waliifungua. Gundi imegeuka rangi ya chai. Ziwa letu mnalijua, unyevu wake unaingia hata kwenye kabati lililofungwa, kwa hiyo kurasa zimejikunja kama maganda ya muhogo. Nimeziwekea vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu, ukienda soko la Owino wanakupa bure.

Imejaa, isipokuwa nafasi moja ukurasa wa Kolombia. Ndani ya ile nafasi, kwa penseli, ameandika: "Dereva wa Busia anayo. Anataka mbili."

Pacha mmoja alitaka kunifurahisha, akaniambia mama, hiyo stika inapatikana mtandaoni kwa dola chache, naagiza. Nikamwambia akiagiza nitamkata masikio. Akaniuliza kwa nini, nikakosa jibu, nikamtuma dukani.

#17 Bunduki 14
Nalongo pole sana. Mungu amrehemu.

#18 Chalii wa Kisenyi
Pole mama. Ila naomba kuuliza, kwani alikataa kutoa mbili?

#19 Nalongo Entebbe
Alikuwa mbahili kupindukia. Mbili hawezi kutoa. Angesubiri hata miaka thelathini dereva achoke.

#20 Dada Zaitun
Nalongo umenifanya nilie ofisini. Lakini nitasema lililo moyoni: hiyo si hoja ya kumtetea kijana wa Ntinda. Mumeo alizipata bure au kwa kubadilishana. Thamani imekuja kwa sababu ya mkono wake ulioshika penseli. Saka wa Ntinda amekuja na bei yake tayari, imebandikwa na mtu mwingine. Hivi viwili si kitu kimoja hata kama vyote ni karatasi.

#21 Fundi Simu
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Kaka, mimi ndiye huyo. Shikamoo.

Kwanza, ni mwezi mmoja, si miwili. Pili, mwezi huo mmoja umetokana na laki mbili ulizokopa Iddi na hujarudisha, naona hilo hukuliandika. Tatu, ulikuwa hutafuti chaja. Chaja ilikuwa ukutani.

Sasa mnasema ni biashara. Dada Zaitun yuko sahihi, kuuza kutoka hapa ni shida, na mimi sikuinunua niuze. Bunduki, usiendelee kuuliza. Mnasema ni kamari. Mimi sijafungua pakiti hata moja, nilinunua kadi niliyoiona, kwa bei niliyoijua, baada ya kuweka akiba miezi saba. Ningekuwa mcheza kamari ningebeti.

Kazi yangu ni hii: kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku watu wananiletea vitu vilivyovunjika. Kioo kimepasuka, betri imevimba, simu imeanguka chooni. Kila kinachofika mezani kwangu kina kasoro, nikikitengeneza kinaondoka, na mwenyewe analalamika bei. Ile kadi ilifika nzima. Niliikagua kwa lenzi ileile ninayokagulia saketi, pembe zote nne, sikuona kitu cha kurekebisha. Nilikaa nayo saa nzima bila kufanya kazi yoyote. Sijui kama hiyo ni sababu.

#22 Mnubi wa Bombo
Wallahi nimefedheheka. Laki mbili ziko njiani.

Lakini hujajibu kwa nini iwe Saka. Kitu kizima kipo kingi. Sahani mpya nayo ni nzima.

#23 Fundi Simu
Sahani haikufunga goli, kaka.

#24 Chalii wa Kisenyi
Msimu ule hata Saka hakuwa anafunga sana, tuseme ukweli.

#25 Bunduki 14
Wewe wa Man U kaa kimya, ninyi mnakusanya makocha.

#26 Ng'ombe Pembe
Habari za jioni. Mimi ni mtu wa Mbarara, naona mnazunguka jambo ambalo kwetu halina fumbo.

Babu yangu alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu zaidi ya sitini. Mtu wa mifugo akaja na wale weusi-weupe wa kizungu, akamwambia mmoja anakupa maziwa kuliko wako watano. Babu akasema sawa, na akabaki na wake. Jioni wakirudi alisimama pale getini na fimbo mabegani, anawataja kwa rangi na mkunjo wa pembe. Yule mwenye pembe zilizokutana juu kama mlango alikuwa hatoi maziwa ya maana, na mtu alimpandia bei mara tatu, hakumtoa. Wageni walipokuja hawakuulizwa wamelala vipi. Walipelekwa kwanza kumwona huyo.

Kadi ni zizi. Mtu anapenda kusimama getini na kuhesabu vizuri vyake, na anapenda mgeni mwenye macho avione. Asiye na macho anaona nyama. Mnubi, usikasirike, wewe uliona nyama.

#27 Dada Zaitun
Mkuu, ng'ombe anazaa. Saka 23/99 hatazaa 24/99.

#28 Ng'ombe Pembe
Umenishinda kwa maneno, si kwa hoja.

#29 Tuzo Kumi
Hoja ya zizi ni nzuri ila haimwelezi mtu anayeficha kwenye droo. Kuna wakusanyaji wengi ambao mke hajui.

#30 Nalongo Entebbe
Mke anajua. Mke siku zote anajua.

#31 Mpita Njia
Swali la mgeni: kadi zenyewe zilianzaje? Nasikia ni chingamu.

#32 Tuzo Kumi
Chingamu ilikuja baadaye. Zilianza kwenye sigara, Marekani, miaka ya 1880. Pakiti ya sigara ilikuwa karatasi laini, ikiminywa mfukoni sigara zinavunjika, basi wakaweka kipande cha kadi kigumu kushikilia. Kisha mtu akafikiri, mbona tusichape picha? Waigizaji, wanajeshi, wachezaji. Mteja akawa anarudia chapa ileile ili akamilishe seti.

Kadi maarufu zaidi ya zama hizo ni ya Honus Wagner, iliyotoka kati ya 1909 na 1911. Zipo chache sana kwa sababu mwenyewe alizuia picha yake isitumike, hakupenda watoto wanunue tumbaku ili wampate yeye.

#33 Mzee wa Malaba
Hadithi hiyo ina ndugu yake. Wengine wanasema alitaka alipwe, hawakumlipa. Wagner mwenyewe alitafuna tumbaku.

#34 Tuzo Kumi
Sawa mzee, zote mbili zinasimuliwa. Bei haijali ipi ni ya kweli.

#35 Dada Zaitun
Kwa hiyo ilianza kama karatasi ya kuzuia sigara isivunjike, ikaishia bilioni. Na bado mnaniambia mimi ndiye sielewi.

#36 Mwalimu Chaki
Mimi nina kisa ambacho kinaharibu nadharia zote hapa, pamoja na yangu.

Mwaka juzi shule yetu ilikuwa na mashindano ya madarasa. Watoto walikuwa hawaji mazoezini. Nikapiga picha wachezaji 36 kwa simu, nikaenda na faili mpaka Kampala, Nasser Road, jamaa akanichapia kwenye karatasi nene: picha mbele, nyuma jina, darasa, nafasi, na "silaha yake". Nikawagawia watano watano, ovyo, kwenye vikaveera, vifuko vya plastiki, vilivyofungwa. Gharama ilitoka mfukoni mwangu na sitaitaja, mke wangu yumo humu.

Siku ya kwanza walitafutana wafungaji. Siku ya tatu soko likageuka. Kadi iliyotafutwa kuliko zote ikawa ya beki mmoja wa darasa la tano, mtoto wa kimya, hata mpira hajui sana. Sababu ni kwamba mchapaji alikosea: mahali pa "beki" pameandikwa "bekari". Mtoto mzima akaitwa Bekari. Nilichapa nakala zake nane kama za wengine wote. Kadi moja ya Bekari ilibadilishwa kwa wafungaji watatu na nusu ya rolex, ile chapati ya mayai. Nusu, kwa sababu nusu ilikuwa imeshaliwa.

Hakuna pesa pale. Hakuna PSA. Hakuna kumbukumbu ya utotoni kwa sababu bado wako utotoni. Na uhaba haukuwepo, zote zilikuwa nane nane. Nani aliamua Bekari ni ghali? Niliwauliza, wakanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yana maji.

#37 Chalii wa Kisenyi
Bekari apewe jezi ya taifa.

#38 Tuzo Kumi
Mwalimu, kadi zenye kosa hutafutwa hata kule. Kuna ya 1989 ya kampuni ya Fleer, mchezaji Bill Ripken kapigwa picha ameshika gongo, na kwenye kitako cha gongo pameandikwa tusi linalosomeka vizuri. Walichapa, ikatoka, ndipo wakaliona. Wakaanza kulifunika kwa njia hii na ile, na kila njia ikawa kadi nyingine ya kutafutwa.

Ila bado ni uhaba. Bekari mmoja tu ndiye mwenye kosa kati ya 36.

#39 Mwalimu Chaki
Nilidhani hivyo pia. Lakini kulikuwa na kosa la pili: kipa aliandikwa "kpia". Hakuna aliyemtaka.

#40 Kipa wa Lugazi
Makipa hatupendwi, hilo halihitaji utafiti.

#41 Bunduki 14
Tukiongelea kuchapa: kwa nini hatuna seti ya Cranes, timu yetu ya taifa? Ile ya 1978 iliyofika fainali ya Afrika ikafungwa na Nigeria, mimi ningenunua leo. Philip Omondi, nalipa.

#42 Mzee wa Malaba
Ilifungwa na Ghana, kijana, 2-0, mjini Accra. Niliisikiliza kwenye redio nikiwa juu ya mti wa mwembe kwa sababu chini haikushika. Baada ya hapo tulikaa mpaka 2017 kurudi kwenye mashindano yale, miaka 39. Ndio maana hakuna kadi. Kadi za miaka 39 zingekuwa za nani?

#43 Ng'ombe Pembe
Zingekuwa za wanariadha. Akii-Bua, Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Kiprotich na marathoni ya London 2012. Cheptegei, mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 kule Valencia, 2020. Hapo una seti nzito bila mpira hata mmoja.

#44 Nalongo Entebbe
Akii-Bua ningeweka ukutani, si kwenye bati.

#45 Chalii wa Kisenyi
Tukichapa sisi Nasser Road, kesho yake asubuhi zitakuwa elfu kumi, na sahihi ya Cheptegei juu yake, zote 1/1.

#46 Fundi Simu
Chalii umecheka lakini hapo ndipo nilipoumia. Kabla ya Saka nilinunua nyingine kwa muuzaji mmoja mtandaoni, 380,000. Ilipofika nikaiweka chini ya lenzi. Sahihi ilikuwa vidoti. Wino wa kalamu haufanyi vidoti, unatiririka na unakuwa mzito pale mkono unapogeuka. Ile ilikuwa imechapwa pamoja na picha.

Ninayo bado. Imekaa mbele ya droo, ya Saka iko nyuma. Kaka alipotafuta "chaja" alipita juu ya ile feki bila kuiona.

#47 Mnubi wa Bombo
Niliiona. Nilidhani ndiyo ya bei.

#48 Dada Zaitun
Hahaha! Basi nijibuni hili moja. Kaka mtu hakuona tofauti. Mimi nisingeona. Picha ni ileile, mchezaji ni yuleyule. Ile ya 380,000 ina kasoro gani kwa mtu anayempenda Saka?

#49 Fundi Simu
Saka hakuigusa.

#50 Dada Zaitun
Na hiyo nyingine una uhakika aliigusa? Kadi nyingi mchezaji anapelekewa karatasi za kunata, anasaini mia mbili amekaa hotelini, kiwandani wanazibandika. Aligusa stika. Kadi yenyewe hajawahi kuiona.

#51 Tuzo Kumi
Kuna aina zote mbili. Iliyosainiwa kwenye kadi yenyewe ina bei zaidi, kwa sababu hiyohiyo. Fundi, yako ni ipi?

#52 Fundi Simu
Naenda kuangalia.

#53 Chalii wa Kisenyi
Wakuu nimeweka chai.

#54 Mpita Njia
Mimi kadi ninazokusanya ni za michango ya harusi tu. Mwaka huu zimefika kumi na moja, zimenigharimu kuliko Saka, na hakuna hata moja yenye sahihi.

#55 Fundi Simu
Nimerudi. Ni stika. Ukiigeuza kwenye taa unaona mstari mwembamba wa ukingo wake, unang'aa.

#56 Dada Zaitun
Pole mdogo wangu. Sikukusudia.

#57 Fundi Simu
Hapana dada, nilijua tangu nilipoinunua. Nilitaka tu kuitazama tena.

#58 Kipa wa Lugazi
Mzee wa Malaba, nimepata pikapu ya Alhamisi. Kwa yale makatoni, utataka kiasi gani?

#59 Mzee wa Malaba
Nilimuuliza mjomba. Amesema hauzi, bado yanapanda.

#60 Bunduki 14
Fundi, kwa kuwa sasa tumejua ni stika, bei si itashuka kidogo? Nauliza tu.